Mstari Uliorukwa

…na mchanga kwenye chupa ya saa haujafika hata nusu, dakika arubaini na nane za ibada hazijatimia na kabla ya hapo hakuna kuinuka kwenye kizulia cha sufi, kwa hiyo Hansa amekaa, kitambaa cheupe mbele ya mdomo, anamsikiliza Bhavini, mke wa watu aliyekuja mtaani hapa Ruwi mwaka juzi tu kutoka Nairobi na shahada yake ya Kiprakriti, lugha ya kale ya sala hizi, akisoma kitabuni sala ya Kijaini ambayo Hansa ameiongoza miaka kumi na tisa kwa ghibu, kama alivyofunzwa Unguja, mama anakuna nazi, yeye anarudia… kanda hii inayorekodiwa ndiyo watakayosikiliza wajukuu, lugha isipotee, walisema wazee, wakachagua sauti ya Bhavini, wivu unamchoma, ndiyo, wivu, kuna jina jingine?… lakini Bhavini amefunua kurasa mbili kwa pamoja, ameruka mstari, nani kasikia? Hansa peke yake, na hasemi, acha kanda iende na pengo lake, siku moja watajua nani alikuwa anajua… kitufe kinalia tak, kanda imesimama, ni Masouda, jirani yake tangu Unguja, Mwislamu, ndiye anayeshika kinasa sauti kwa sababu waliomo kwenye sala hawagusi vyombo vya umeme, amekuja kwa ajili ya Hansa, na sasa anamgeukia nani? "Hayo maneno ya mwisho, mwanangu, michami dukadam, maana yake nini? Huyu nnamuuliza tangu tuko wadogo, hanambii," na Bhavini, polepole, "Ni kuomba, mama, ubaya wote nimekufanyia uishe, usibaki hata kidogo," na Masouda, "Ndo leo nnafahamu"… hakumwambia kwa kuwa hakujua, hakujua!, kila mwaka siku ya kusameheana anapiga simu Mombasa, Bombay, London, anayatoa mbio mbio kama salamu za Idi, na mwaka jana mlangoni alimpa huyuhuyu Bhavini maneno hayo, macho yakiwa kwenye sahani ya vitumbua… ubaya wote, na pengo lile kwenye kanda je, la wajukuu wake mwenyewe?… "Masi, niko sawa?" Bhavini anamuuliza Hansa kama anayemuuliza mama mdogo, kidole cha Masouda kiko juu ya kitufe, mchanga unateremka, na nyuma ya kitambaa midomo ya Hansa inasema michami dukadam, kwa mara ya kwanza anamwambia mtu akijua maana yake, kisha inaanza kuutafuta ule mstari uliorukwa.