Mwenye Kaburi Si Mgeni

Majina yalisomwa baada ya misa ya pili, katika darasa la tano la shule ya msingi ya kijiji, pale Kirua Vunjo. Veronika alikaa kwenye dawati la mwisho, karibu na mlango. Dawati lilikuwa la watoto, magoti yake yakagusa ubao. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Miguu alikuwa ameiosha kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, kabla ya kuingia, lakini matope mekundu ya mlimani hayatoki kwa maji peke yake.

Katibu wa Mfuko wa Elimu, kijana aitwaye Primus, alisoma jina moja moja. Kila jina lilifuatwa na ukoo, na kila ukoo ukafuatwa na makofi. Aika, binti wa mwenyekiti, daraja la pili, anakwenda kusoma biashara Dar es Salaam. Makofi. Wakaja wengine tisa, na wote wakapigiwa. Kisha Primus akafika mwisho wa karatasi, akasita.

"Salvina Vedastus. Daraja la kwanza. Amechaguliwa uhandisi wa umwagiliaji, Morogoro. Ukoo..." Akaigeuza karatasi, kana kwamba ukoo ungekuwa nyuma yake.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Huyo ni mtoto wa nani?" aliuliza mzee mmoja wa mbele. Miaka mitano nyuma ng'ombe wake alikwama kuzaa, na Vedastus, mume wa Veronika, ndiye aliyeingiza mkono.

"Wa yule mtunza shamba wa marehemu Elimringi," Primus akasema. "Yule Mha."

"Chasaka," akasema mwanamke mmoja wa dawati la kati, na hakushusha sauti. "Kigoma kwao hakuna mfuko?"

Chasaka ni mtu wa kuja, yeyote asiye Mchagga. Veronika aliitwa hivyo tangu siku aliyopanda mlima, kisimani, dukani, hata na watoto aliowabeba mgongoni.

Mwenyekiti aliinua mkono. Alikuwa Fredy, mtoto wa kwanza wa Elimringi, mwenye nyumba ya wageni Moshi mjini. "Taratibu, jamani. Mfuko wetu hauangalii tajiri wala maskini. Hata mwanangu yumo, na mnanijua. Unaangalia jambo moja tu, mwana wa kijiji. Mwenye kihamba."

Kihamba, shamba la migomba na kahawa ambalo baba humwachia mwana, Veronika hakuwa nacho. Alikuwa na kibanda cha mabanzi kando ya zizi, ndani ya kihamba cha huyo huyo Fredy.

"Mgeni siku mbili," alisema yule mzee wa mbele. "Ya tatu mpe jembe."

Wakacheka.

"Jembe tumempa miaka ishirini na miwili."

Aliyesema ni Mwalimu Gidioni, mstaafu aliyemfundisha Salvina hesabu. Alisimama akishikilia dawati. "Mawe ya msingi wa darasa hili yalitoka mtoni mgongoni kwa Vedastus. Sasa nawauliza, sisi tunamtambuaje mwenyeji? Si kwa wafu wake? Vedastus amelala humu kijijini, na mahali pa kumlaza alionyesha Elimringi mwenyewe, kwa fimbo yake. Mwenye kaburi hapa si mgeni."

Kicheko kikafa. Vichwa viligeuka kumtazama Veronika, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kuinamisha macho. Alimtazama Fredy, akaona ameacha kutabasamu. Akadhani ni aibu.

"Hoja ya mwalimu ni nzito," Fredy alisema. "Tutaiamua Jumapili ijayo."

Veronika alimkuta Salvina zizini, akikata majani ya ng'ombe. Alimweleza yote. Msichana alisikiliza bila kuacha panga.

"Zimebaki siku kumi na nane vyuo vifunguliwe, mama."

"Najua."

Mkopo wa serikali ulikuwa umetoka, lakini ulilipa ada tu. Kula na kulala juu yao, na juu yao hapakuwa na kitu. Hilo lililobaki ndilo ambalo Mfuko uliwabebea wana wa kijiji kila mwaka.

Vedastus hakupanda mlima kutafuta kazi. Kazi alikuwa nayo kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa, katika kambi ya watu wa Kigoma, Tabora na Singida. Kule mtoto akimaliza la saba hupewa panga la baba yake. Jioni, uso ukiwa mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, Vedastus aliutazama mlima na kumwonyesha mkewe mabati yaliyong'aa. Ile shule. Ile nayo shule. Wenzake wakamcheka kwamba anahesabu mabati ya watu. Siku Veronika alipomwambia ana mimba, alifunga godoro kwa kamba.

Jumanne Fredy alikuja na gari. Hakwenda nyumbani kwa baba yake. Alipita moja kwa moja kati ya migomba mpaka makaburini, Veronika akamfuata akifuta mikono kwenye kanga. Kaburi la Elimringi lilikuwa na vigae vyeupe. La Vedastus, hatua chache kando, lilikuwa tuta la udongo lililozungukwa na masale, majani yake marefu yamekwisha kufika kiunoni.

"Karibu, baba Aika."

"Nani alipanda haya?"

"Mimi."

"Pande nne?"

"Niliona kwa mzee mmepanda. Nikasema na huyu nimheshimu kama mnavyoheshimu nyie."

Fredy alicheka kwa pua. "Kwa mzee ni kwake. Mama Salvina, isale kwetu ni mpaka. Ukipanda pande nne, umekata kiwanja. Kesho huyo mhandisi wako anakuja na wakili, anasema baba yangu yumo humu, na mipaka ndiyo hii. Gidioni ni shahidi."

"Sisi hatutaki ardhi, baba Aika."

"Wewe hutaki. Na wajukuu zako?" Alitoa karatasi mfukoni. "Mimi si mtu mbaya. Jumapili nakaa kwenye kiti, na jina la mtoto sitalipinga. Lakini huyu ahamie makaburi ya wote, kule chini barabarani. Kibali ninacho, mafundi ninao, sanduku nanunua. Wewe weka dole gumba hapa."

"Najua kuandika."

"Basi saini, vizuri zaidi."

Veronika aliisoma yote, mstari kwa mstari, Fredy akipiga funguo za gari pajani. Familia yetu haina haki yoyote ndani ya kihamba hiki. Haina kaburi.

"Utalipitisha jina?"

"Nimesema sitapinga."

Aliomba alale nayo. Kibandani Salvina aliisoma mara mbili.

"Amesema hatapinga. Hakusema atapitisha."

"Kwa mtu mkubwa ni hilo hilo."

"Mama, usisaini. Chuo kitaningoja mwaka mwingine. Nitalima."

"Utalima la nani?" Veronika alichukua kalamu. "Baba yako hakuja huku kuzikwa. Alikuja kwa ajili ya shule."

"Ndiyo unamfukua?"

Veronika aliivuta karatasi. Aliandika jina lake polepole, kwa herufi za kutenganisha, kama alivyofundishwa na mumewe kambini.

Alhamisi walianza na masale. Mafundi wawili waliyang'oa kwa sururu, wakayatupa kwenye rundo la takataka za migomba, mizizi juu. Kisha wakachimba. Veronika alikuwa amekuja na kitenge kipya, akidhani atapata kumfunika mtu. Kilichotoka kilienea kwenye sanduku fupi, la urefu wa mtoto wa miaka sita. Fundi mmoja alimuuliza kama viatu navyo viende, akasema viende. Salvina alishika rozari bila kuisali.

Makaburi ya wote yalikuwa kando ya barabara, palipo kokoto. Walimpa kibati chenye namba, kimepigiliwa kwenye kijiti. Fredy hakushuka kwenye gari.

"Poleni," aliwaambia kwa dirishani. "Mambo ya ardhi hayana urafiki."

Jumapili Veronika alikaa dawati la pili. Salvina alikuja pia, amevaa sketi ya shule aliyoishonea pindo upya. Primus alifungua daftari.

"Kuhusu muombaji wa kumi na moja. Hoja ilikuwa kwamba muombaji hana kihamba, ila ana kaburi kijijini, na kwa desturi mwenye kaburi si mgeni. Kamati iliikubali desturi hiyo." Akageuza ukurasa. "Baadaye kamati ilipokea barua ya mama mzazi, yenye saini, kwamba familia haina kihamba wala kaburi. Ikaenda kuhakikisha. Ni kweli halipo, na makaburi ya wote hayahesabiwi. Jina limeondolewa."

Mwalimu Gidioni aligeuka. "Mama Salvina. Ulisaini?"

"Nilisaini, mwalimu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani wewe umeshasema, na wamekusikia."

Mwalimu akakaa. Alianza kuifuta miwani yake, na akaendelea kuifuta mpaka kikao kikaisha.

"Iandikwe," Fredy alimwambia Primus, "kwamba mwenyekiti hakupinga."

"Imeandikwa."

Wale kumi waliitwa mbele, wakapigiwa makofi tena. Aika alipopita karibu na Salvina alimgusa bega. "Pole, ndugu yangu. Mwaka kesho, eh?" Alikuwa anamaanisha wema. Salvina alilitazama bega lake.

Siku vyuo vilipofunguliwa, Fredy alileta chipukizi la mshare, ndizi za kupika, limefungwa kwenye kiroba kilicholowa. Aliliweka mlangoni kwa Veronika.

"Lile shimo usilifukie kwa udongo," alisema. "Limeshachimbwa, tena refu. Mtu anamlipa fundi kupata shimo kama lile. Lijaze samadi, panda huu pale. Na mtoto si yupo? Akusaidie."

Walibeba samadi kutoka zizini kwa matenga, mama mbele, binti nyuma. Lilikuwa shimo lenye njaa. Lilipofika robo, samadi ikawa imelegea, ikabidi mtu ashuke kuikanyaga. Veronika alivua ndara.

"Toka, mama," Salvina akasema.

Aliteremka yeye. Alisimama mle ndani, kichwa tu kikionekana, akakanyaga kwa visigino, polepole, ukuta hadi ukuta. Mama yake alimwaga kutoka juu, akilenga mbali na nywele zake. Jua lilipotoboa ukungu shimo lilikuwa limejaa, na mgomba umesimama.

Ulibaki kumwagiliwa. Mfongo ulipita upande wa juu, na baina yake na shimo palikuwa na mwinuko. Kila mtu aliyewahi kulima kona ile alibeba maji kwa ndoo. Salvina aliinama, akafumba jicho moja, akautazama mteremko kwa muda mrefu. Kisha alichukua jembe la baba yake, akachora mfereji mdogo, si wa kunyooka, uliouzunguka ule mwinuko na kupita palipong'olewa masale. Akafungua mfongo.

Maji yalishuka bila kukosea njia, yakaingia shimoni.

Fredy, aliyekuwa amesimama kwenye vigae vya baba yake, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sasa," alisema. "Kesho uje unifanyie na kule kwenye kahawa."

Salvina alikuwa ameinama bado, mkono ndani ya maji.