Goti Lililodai Mji

Kitendawili! Itikia, usinikodolee macho. Anambeba mwenye nyumba, anabeba nyumba na mizigo yote, wala hajapata kukaribishwa kiti. Hujui? Basi nipe mji. Ndiyo desturi yetu: ukishindwa kutegua unampa mwenzako mji, naye anakwenda huko kwa maneno tu, anapokewa, anakula, kisha ndipo anakupa jibu. Usione haya. Mimi mwenyewe nilishindwa, na aliyenitega ndiye jibu lenyewe.

Usiku wa jana niliota niko jikoni, na goti langu la kushoto limekaa juu ya kigoda, limejizungushia bandeji kama kilemba. Mimi nimesimama. Sikushangaa. Miaka sitini na nne limenibeba, kukaa siku moja si ajabu.

Kisigino cha kulia kiko karibu na mafiga, kinaota moto. Ukucha wa kidole gumba cha mguu, ule ulioingia weusi wakati wa mazoezi, umeshika kalamu.

"Kikao kimeanza," linasema goti. "Bibi Semeni, Jumamosi unakimbia wapi?"

"Mafinga. Kilomita kumi, akina mama wa miaka sitini kwenda juu."

"Na Jumapili?"

"Njombe. Kumi nyingine. Na mjukuu wangu Twilumba."

"Kwa miguu ya nani?"

Nikanyamaza. Ukucha ukaandika kwamba nimenyamaza.

Ngoja nikueleze. Mafinga nimeshinda miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka napewa blanketi. Wenzangu wa kikundi cha mbio wanasema la nne limeshakunjwa, linaningoja. Njombe ni habari nyingine. Twilumba hajakimbia tangu ajifungue. Alijiandikisha kwa sababu nilimwahidi tutakwenda sambamba, akaniambia bila mimi hatoki nyumbani. Juzi jioni, akinikanda goti kwa kitambaa cha maji baridi, aliniuliza: "Bibi, goti likikataa, unaacha ipi?" Nikamwambia amwangalie mtoto asianguke. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni.

"Nataka kulala," nikaliambia goti. "Nimechoka."

"Kitandani kuna mtu," kinasema kisigino.

Nachungulia chumbani. Muuguzi wa zahanati aliniagiza niupumzishe mguu, na kweli mguu unapumzika: umelala katikati ya kitanda, umejifunika mablanketi yangu yote matatu, unakoroma.

"Niachieni hata pembeni."

Ukucha unapekua karatasi zake. "Muuguzi hakukutaja wewe. Aliutaja mguu tu."

Basi nikarudi jikoni. Mafigani pana sufuria, na ndani ya sufuria ni nguvu zangu. Mwalimu wa kikundi alikuwa ametuambia tugawe nguvu, tusizimalize siku ya kwanza. Goti linachukua upawa.

"Sahani ya Jumamosi," linasema, linajaza mpaka inamwagika. "Sahani ya Jumapili." Linakwangua, linakwangua. "Umebaki ukoko."

"Punguza ya Jumamosi."

"Nusu sahani haileti blanketi."

"Basi nipe huo ukoko nikamgawie Twilumba."

"Mama anayenyonyesha unampa ukoko?" kinauliza kisigino, kinageuza uso.

Hapo mlango unafunguka wenyewe, na uani si uani tena. Upande wa kulia ni Mafinga. Wanawake wa rika langu wamejipanga kwenye mstari, wote wamevaa soksi zangu. Upande wa kushoto ni Njombe, na mstarini amesimama Twilumba peke yake. Anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga.

"Kitendawili!" linapaza sauti goti.

"Tega," naitikia, maana mdomo wangu umezoea.

"Anambeba mwenye nyumba, anabeba nyumba na mizigo yote, wala hajapata kukaribishwa kiti."

"Punda."

"Punda hufunguliwa jioni."

"Kobe."

"Kobe ana mizigo gani? Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Tanga."

"Tanga nikafanye nini? Toa mji ulio nao mkononi."

Nafungua kiganja. Imo miji miwili tu, midogo kama punje za maharage, taa zinawaka ndani yake. Nikakifumba tena haraka.

"Nikikupa mmoja, mwingine utanifikisha?"

"Polepole. Kwenye vilima utembee."

"Wataniona nimezeeka."

Goti likashusha sauti. "Semeni, mimi na wewe tumezaliwa siku moja. Mimi nimeshawaambia watu."

Nilikuwa nimechoka ule uchovu wa kutotaka hata kuvua viatu. Nikafungua mdomo nikautaja mji mmoja, na papo hapo filimbi mbili zikalia pamoja, ya Mafinga na ya Njombe. Nilichosema sikukisikia.

Goti likaupokea, likauchomeka kwenye bandeji. "Nilikwenda," likaanza, "nikapokewa, nikala viazi vya moto, nikakaribishwa kiti, nikakaa..." Likajiweka sawa juu ya kigoda. "Jibu ni mimi," likasema.

Nikaamka. Kumekucha. Mguu uko mahali pake, goti liko mguuni. Nikainama nifungue bandeji, mkono ukakuta karatasi. Ilikuwa imebanwa juu ya goti kwa pini nne, moja kila pembe, imenyooka kana kwamba fundi kaipima. Namba mia tatu kumi na nane. Ni namba yangu ya kifuani ya mbio za Mafinga, ambayo niliifungia kabatini pamoja na ya Njombe, na ufunguo nalala nao shingoni. Nikaenda kulifungua kabati. Ya Njombe ipo, imekunjwa vilevile.

Twilumba akaingia na kikombe cha chai, mtoto mgongoni.

"Mke mwenzangu," akanitania kama kawaida ya wajukuu, "umeamkaje? Goti limelala vizuri?"

"Halikulala. Lilisafiri."

"Haya, Bibi, yaleyale ya kunizungusha. Tangu juzi nakuuliza hunijibu."

Nikazichomoa zile pini moja moja, nikazichoma kwenye mto. Chai ilikuwa moto. Nilipiga mafunda mawili kwanza.

"Naacha ya Mafinga," nikamwambia. "Njombe tunakwenda. Ila kwenye vilima utanisubiri."