Jaribio Lililozimwa

Kila aliyepita wodini, hata mfagizi, mama mkwe alimsimamisha. "Huyu mke wa mwanangu ndiye aliyeitia hospitali hii kwenye kompyuta." Siku nyingine Injinia, kama walivyomwita nyumbani kwa nusu heshima nusu utani, angecheka. Leo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kitandani alilala wifi yake, uso umeumuka kama andazi. Asubuhi alikuwa amepewa dawa inayomdhuru tangu utotoni, na mzio huo umeandikwa kwenye rekodi zake. Madaktari walimuwahi.

"Wifi, usiniangalie hivyo," alisema kwa shida. "Midomo minene nilikuwa naitamani siku nyingi. Leo nimeipata bure."

"Nyamaza wewe, unatania kifo!" mama mkwe alifoka. "Yule mfamasia afukuzwe leo leo. Macho kapewa ya nini?"

Mfamasia mwenyewe alikuwa koridoni, akisubiri kuitwa na mganga mkuu, akirudia neno moja tu: kompyuta ilimwonyesha kijani. Injinia alimpita pale mlangoni bila kumsalimu. Aibu ilimfunga mdomo.

Maana alijua kosa lilikotoka. Zamani mfumo wa hospitali ulikuwa gogo moja kubwa. Ukigusa hapa, panaharibika kule. Yeye na wenzake wakaukata vipande vinavyotumiana ujumbe: kimoja kinatoa dawa, kingine kinatunza mizio ya wagonjwa. Vipande hivyo havitulii, leo kimoja kinaboreshwa, kesho kingine kinahamishwa. Ndiyo maana kuna majaribio, programu ndogo zinazohakikisha, kila badiliko linapoingia, kwamba vipande bado vinasikilizana. Jaribio moja lilikuwa king'ang'anizi: kipande cha mizio kisipojibu, dawa isitoke. Lilipiga kelele kila mara, na mara nyingi kosa lilikuwa mtandao kusuasua tu. Injinia akalizima. "Kwa muda," aliwaambia wenzake, nao wakamshukuru kwa kuwapunguzia kero.

Huo muda ukaota mizizi. Mwenzao mmoja akaja akakigusa kipande cha dawa, akakosea, na hakuna kilichomkemea. Kisha juzi kipande cha mizio kikahamia anwani mpya. Kile cha dawa kikabaki kinabisha hodi kwenye nyumba tupu, na kimya cha mle ndani kikakihesabu kuwa ruhusa, kikawasha kijani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Injinia ufa aliuona, akautundikia picha.

"Mwanangu, mbona huli? Tangu ufike umesimama tu," mama mkwe alimwambia kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomshinda.

"Mama, mwacheni yule mfamasia. Kosa ni langu."

Mama mkwe akacheka. "Wewe? Wewe ulikuwa hapa?"

"Kulikuwa na mlinzi ndani ya kompyuta. Nilimlaza mimi, kwa sababu alikuwa ananichosha."

Kicheko kikamkauka mama mkwe midomoni. Akamtazama mkwewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akageuka na kuanza kulinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. Injinia alisubiri atukanwe. Angalau matusi yangempunguzia mzigo.

Lakini aliyesema ni wifi. "Huyo mlinzi umeshamwamsha?"

"Bado."

"Sasa wifi, na wenzangu je?"

Tangu afike Injinia alikuwa ameiwazia ndoa yake, kazi yake, na heshima yake kwa mama huyu. Watu walio kwenye foleni ya dawa hakuwawazia hata kidogo.

Akatoka mbio. "Msimpe mtu dawa!" alipiga kelele kwenye dirisha la dawa, na foleni nzima ikaguna. Mtoaji dawa akabaki na mkono hewani, pakiti imo mkononi.

"Na waliokwishaondoka nazo?" akauliza.

Injinia akaingia ndani, akafungua orodha ya waliohudumiwa tangu juzi, akavuta simu na kuanza na jina la juu. Simu ikaita. Ikaendelea kuita, naye akawa anaomba kimoyomoyo apokee mgonjwa mwenyewe, asipokee mtu mwingine.