Kibao cha Mwisho

Mchora vibao alipewa siku mbili na mbao ishirini na moja aweke alama kwenye njia mpya ya baiskeli ndani ya hifadhi ya msitu. Njia yenyewe ilikuwa kilomita nne, haina jiwe wala mlima wa kumtoa mtu jasho, na ndiyo maana ubao wa kwanza aliuandika RAHISI. Kwenye ishirini zilizobaki akachora mishale, mishale minene ya kupendeza, akaisimamisha kando ya njia nzima mpaka wa ishirini ukaelekea kwenye wa kwanza. Akajisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine karibu wa kumsifu. Kuandika MWISHO hakukumjia akilini hata kidogo.

Na mtu wa kwanza kuijaribu njia, Jumamosi asubuhi, alikuwa nani kama si baba wa mchumba wake.

Mzee huyu alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na minne bila kukaidi alama hata moja. Kuna siku taa nyekundu iliharibika, akaisubiri kwa saa tisa. Abiria walishuka, na wawili kati yao walinunua viwanja palepale wakajenga. Sasa alikuwa amestaafu, na mchora vibao alikuwa na wiki tatu akingoja neno lake kuhusu ndoa. Mzee akafunga kofia ngumu kidevuni, akasema, “Nikimaliza mzunguko, nitakupa jibu.”

Akaondoka saa mbili.

“Shikamoo, baba,” mchora vibao alimwamkia alipopita mara ya kwanza.

“Marahaba,” mzee akajibu, akapita.

Wakaamkiana hivyo mara tisa. Njia ingekuwa ngumu, mzee angechoka akashuka. Lakini ilikuwa rahisi kweli, kama ilivyoandikwa.

Kufika saa tano, mambo yalikuwa mambo. Mtu akiona mishale, akaona na mzee anayejiamini, hafikirii mara mbili, anafuata. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli kumi na saba kwenye mstari mmoja, pamoja na mwuza bima aliyekuwa akimshawishi aliye mbele yake tangu raundi ya tatu. Kwenye kona ya mfereji watu walisimama na mizigo wakiwasubiri. Mama mmoja aliuliza kama wanapitia sokoni.

Mchora vibao alimkimbilia mchumba wake, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa kofia kwenye kibanda cha langoni.

“Mwambie baba yako atoke.”

“Mwambie wewe. Mishale ya nani?”

“Nikikiri nimekosea, ataona anamwoza binti yake kwa mtu asiyejua kumaliza kazi.”

“Na usipokiri,” binti akasema, akifuta kofia, “utanioa raundi ya ngapi?”

Mchora vibao akarudi njiani mbio. Akatafuta kipande cha ubao, akaandika MWISHO kwa herufi nyeupe, akakisimamisha penye jua kali, katikati ya njia. Mzee alipofika akafunga breki, na breki kumi na saba zikalia nyuma yake. Akasoma. Akagusa herufi O, kidole kikatoka cheupe.

“Rangi mbichi,” akasema. “Alama mbichi si alama, kijana. Ikikauka nitaitii.”

Akakizunguka kibao, akaenda zake na msafara wake.

Damu ikamchemka mchora vibao. Akadaka baiskeli, akamfuata, akawapita wote mpaka akawa bega kwa bega na mzee.

“Baba, kosa ni langu. Nilisahau kuweka mwisho. Tafadhali ushuke.”

“Nilijua tangu raundi ya pili.”

“Sasa mbona hukutoka?”

Mzee alipiga kengele kwenye kona kama ilivyo sheria, ndipo akasema. “Mama wa binti yangu alifariki huyu akiwa na miaka sita. Baiskeli nilimfundisha mimi, nimemshikia kiti kwa nyuma. Siku niliyoachia, yeye hakujua kama nimeachia. Mimi nilijua.” Akavuta pumzi. “Jibu langu ni ndiyo. Wewe ni kijana mzuri, ila unasahau. Lakini nikishuka hapa, jioni naandaa sahani moja.”

Hasira zikamwishia mchora vibao, akabaki na aibu. Wiki tatu nzima alikuwa akimhesabu mzee huyu kuwa mtu mkaidi tu. Alitaka kusema neno la faraja, akajikuta akisema la kazi yake.

“Rangi hii hukauka kwa nusu saa, baba. Ikiwa juani.”

“Na kivulini?”

“Kivulini inaweza kumaliza siku.”

 Mzee akaendelea kukanyaga, macho mbele.

Mchora vibao akaongeza mwendo, akawaacha. Alipofika kwenye kibao akaking'oa kwa mikono miwili, akakibeba kwa hadhari asiharibu herufi, akakisimamisha chini ya mti wenye kivuli kizito kuliko yote pale.

Binti alikuwa ametoka kibandani, anatazama. “Amesemaje?”

“Amekubali,” mchora vibao akasema, akichovya brashi yake kwenye kopo. “Ngoja nipake rangi mkono wa pili.”