Maji ya Klabu Yapita kwa Egau

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka sitini na moja, watu wa upande wa Mella walikuwa wamesahau nguo kavu zinavyonukia. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikarudi. Mto Malaba ulikuwa umekula mashamba ya bondeni, na upande wa Kenya ukaonekana kuwa mbali kama nchi ya watu wengine.

Juu ya kijiji alichoolewa Amoit kulikuwa na bwawa dogo. Halikumwagilia shamba la mtu wala kunywesha ng'ombe wa mtu. Wakubwa wa klabu moja ya mjini Tororo walilichimba ili wapate mahali pa kuogelea na kuendesha mashua siku za Jumapili. Walijenga tuta la udongo kukinga kijito, wakazungusha seng'enge, wakaweka meza na viti chini ya miti. Miaka ilipopita waliendelea kupaka mashua rangi, lakini tuta walilisahau. Miti ilimea juu yake, mizizi ikatoboa udongo, na gurudumu la chuma la kufungulia maji likashikwa na kutu hata likawa halizunguki. Wakubwa walijua. Walisema watalitengeneza baada ya mashindano ya mashua ya Krismasi.

Alhamisi moja mchana, Okochi, mlinzi wa klabu, alishuka mbio hadi kwa Amoit. Alikuwa Mjapadhola kutoka Mulanda, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni.

"Mama Norah," alisema akiwa bado mlangoni, "maji natoka chini ya tuta. Jana ilikuwa safi. Leo ni nyekundu."

Amoit alikuwa amempakata mjukuu wake. Binti yake Norah, aliyekuja kujifungulia nyumbani, alikuwa amelala ndani, homa haijamtoka.

"Nyekundu maana yake nini?"

"Maana yake inabeba udongo. Tuta nakwisha ndani."

"Umewaambia wenyewe?"

"Nimetuma mtu Tororo. Daraja imekwenda. Amerudi."

Amoit alitazama nje. Huko chini mto ulikuwa umefunga njia ya kuelekea sokoni. Njia ya kupanda mlimani ilipita kwenye kijito, na kijito chenyewe kilifika mwanaume kifuani. Vijana wangeweza kuvuka kwa kamba. Norah hangeweza. Wala mama mkwe wa Amoit, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Na nyumba karibu zote za kijiji zilikuwa na mtu wa namna hiyo.

"Hakuna njia nyingine ya kuyatoa hayo maji?"

Okochi alijifuta uso kwa kiganja.

"Iko. Pale tuta naishia, upande ya mashariki, ardhi ni kokoto. Tukikata pale, maji nakwenda kinamasi, haiji hapa. Lakini napita kwa Egau."

Egau alikuwa mdogo wake Amoit, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa amejenga kule pembeni kwa sababu alipenda utulivu. Mwezi wa nane surua ilimchukua mtoto wake wa pekee, na wiki ileile mkewe Akwi akafuata. Aliwazika pamoja nyuma ya nyumba, mahali palipoinama kidogo, kwa kuwa ndipo Akwi alipopenda kukaa akichambua mtama. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu. Ndipo hasa maji yangepita.

Amoit alimpa jirani yake mtoto, akajitanda gunia kichwani, akaenda. Wanaume walivuta kamba kwenye kijito, naye akavuka akiwa ameishika kwa mikono miwili, maji yakimsukuma kama ng'ombe mkaidi. Nyuma yake walikuja wanaume na majembe, sululu na mtaimbo mmoja.

Walimkuta Egau amekaa kizingitini. Alipoona majembe, alisimama.

"Najua mnachotaka," alisema. "Okochi alipita hapa kwanza. Nimemwambia hapana."

"Egau, ndugu yangu, nisikilize."

"Nimesikiliza wiki nzima. Mvua ndiyo inayosema hapa." Aliwatazama wanaume mmoja mmoja. "Bwawa ni la wenye klabu. Kama linawatisha, nendeni mkakate upande wao wa meza na viti."

"Upande ule ni tuta lenyewe," Okochi alisema. "Tukigusa, nakwenda yote."

"Nyumba chukueni. Ghala la mtama chukueni. Sitawazuia. Lakini Akwi amelala pale na mtoto kifuani. Nilimlaza mwenyewe."

Amoit alikuwa ameandaa maneno njiani. Alitaka kumwambia kuwa waliokufa hawazami. Alimtazama usoni akaona asingethubutu.

"Norah yuko bondeni," alisema tu. "Hawezi kusimama."

Egau aligeuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akaelekea nyuma ya nyumba.

"Basi ngojeni nimtoe kwanza," alisema.

Okochi alikimbia kuangalia tuta. Wanaume wakaanza kuchimba mfereji pale kwenye kokoto, wakaacha kipande cha mwisho kinachozuia maji. Amoit alichukua jembe akamfuata ndugu yake. Walichimba kaburi wawili, mmoja huku mmoja kule. Mvua iliporomosha kingo kila walipotupa udongo nje. Walipofika magotini, maji yalikuwa magotini pia. Egau alitupa jembe akaanza kuchota tope kwa mikono. Amoit akafanya vivyo hivyo. Kucha zake zilivunjika, naye akaendelea, huku akisikia ndugu yake akipumua kwa sauti kama mtoto mwenye pumu.

"Tuko karibu," Egau alisema. "Dada, tuko karibu. Nimeweka mkeka juu yao. Utaugusa mkeka."

Amoit alipapasa. Palikuwa na tope tu.

Okochi alirudi akikimbia. Hakupaza sauti. Aliinama kwenye ukingo wa shimo.

"Tuta imeshuka katikati," alisema. "Mti moja imelala. Mzee, haitangoja."

Egau aliendelea kuchota. Upande mmoja wa kaburi ulimomonyoka, ukamwangukia miguuni, na kazi yote waliyoifanya ikajaa. Akasimama. Alitazama mikono yake. Amoit alidhani ataanguka, akamshika kiwiko, lakini Egau akajitoa taratibu na kupanda juu.

Mmoja wa wanaume alikuwa ameinua sululu juu ya kipande cha mwisho. Egau alimshika mkono.

"Usifungue wewe," alisema. "Nitafungua mwenyewe."

Alipiga mara chache tu. Maji yalijipenyeza kwanza kama mkojo wa ng'ombe, kisha yakaupasua ukingo yenyewe, wanaume wakamvuta Egau kwa shati. Yalipita nyuma ya nyumba, kisha kwenye nyumba. Ukuta wa udongo ulilainika ukaketi chini. Ghala liliinuka zima likaelea hadi kwenye mafunjo. Pale palipokuwa kaburi palikuwa na maji mekundu yanayokimbia.

Kabla giza halijaingia bwawa lilikuwa limepungua, na tuta likabaki limesimama.

Barabara zilipopitika, wakubwa wa klabu walikuja na mafundi. Waliziba mkato kwa mawe na saruji, wakabadilisha gurudumu la chuma, wakajenga tuta upya vizuri kuliko mwanzo. Mashindano waliyahamishia Pasaka. Okochi walimfukuza kazi kwa kuruhusu mali ya klabu kuharibiwa. Kijijini nako, jua lilipokaa angani siku nyingi mfululizo, watu wengine walianza kusema kwamba tuta lile lingesimama tu hata bila kukatwa.

Egau alisikia maneno hayo. Alikuwa akiishi kwa Amoit, na kila siku alikwenda kinamasini na fimbo ndefu akipekua mafunjo. Hakupata kitu. Siku moja aliondoka bila kuaga. Baadaye wachuuzi wa samaki walisema yuko Majanji, anawapasulia watu sangara wadogo na ngege pwani ya ziwa.

Amoit alimfuata huko akiwa na kuku na unga. Alimkuta amechuchumaa, kisu mkononi. Walizungumza habari za Norah, aliyepona, na za mtoto aliyekuwa ameanza kutambaa.

Egau alimaliza samaki aliyekuwa naye, akamweka kando.

"Dada," alisema, "lingesimama?"

Amoit alikuwa amelala usiku mwingi na swali hilo.

"Sijui," alisema. "Okochi naye hajui. Hakuna anayejua."

Egau alitikisa kichwa polepole, akavuta samaki mwingine. Amoit alitandika khanga yake mchangani, akaketi karibu naye, akaanza kuparua magamba.