Paka Aliyeitwa Kalenda

Kila asubuhi, kabla ya kuteka maji, wanawake wa mtaa walipita barazani kwa mshonaji kumtazama paka wake. Akiwa mwekundu, walijua kiwanda cha nguo kimemwaga maji ya rangi nyekundu na kisima kimeshayapata. Akiwa wa buluu, hali kadhalika. Akiwa mweupe, rangi aliyozaliwa nayo, walijaza ndoo wakaenda zao. Kisimani maji yalikuwa maangavu siku zote. Paka aliyeyanywa ndiye aliyeonyesha, wakamwita Kalenda.

Aliyekosea siku akanywa, aliumbuliwa na kucha zake mwenyewe, zilizogeuka rangi. Mwalimu wa darasa la pili alikaa na kucha za zambarau mwezi mzima, naye akasema bora zambarau, inaendana na viatu.

Mshonaji hakucheka. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, zote kwa maji ya siku mbaya, na sasa alikuwa na ya tatu. Mshonaji alimpenda mkwewe huyo kuliko mwanawe, na hakuficha. Yeye mwenyewe alishika ndoo. Paka asipokuwa mweupe, hakuna kunywa, hata kama koo limekauka.

Mimba ilipofika miezi saba, Kalenda alibaki mweupe wiki nzima. Ikapita ya pili, ya tatu. Mtaa ukafurahi. Meneja wa kiwanda akamleta afisa wa maji, ambaye alimpapasa paka, akatazama kiganja chake, akaandika kwamba kisima ni salama. Karatasi ikabandikwa pale kisimani. Mshonaji alimjazia mkwewe mtungi mpaka juu.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Mungu ametusikia."

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mdogo mno, akipumua kwa taabu. Kucha zake zote ishirini zilikuwa za kijani.

Mshonaji alitoka barazani akamkuta Kalenda amelala, mweupe pe. Akamfunua mdomo: meno yalikuwa yamebaki mawili. Akavuta manyoya kidogo, yakamjia mkononi bila ubishi. Miaka arobaini alikuwa akiwaambia wateja kwamba kitambaa kilichochakaa hakishiki rangi. Paka alikuwa amezeeka, na yeye hakuliona hilo. Akakaa chini akalia.

Mchana alimbeba mjukuu mpaka ofisini kwa afisa. Afisa alizitazama kucha kwa makini, moja baada ya nyingine, akampa pole.

"Lakini mama, paka si mweupe?"

"Paka mzee."

"Fomu haina sehemu ya umri."

Alirudi nyumbani. Kisimani wanawake walikuwa kwenye foleni, wote kucha zimeanza kugeuka kijani, wakisifu maji ya siku hizi. Aliwaeleza. Walimsikiliza kwa heshima, kisha aliyekuwa mbele akashusha ndoo yake, maana kisima kilikuwa hicho kimoja tu. Jioni mtoto alihitaji kuogeshwa. Mshonaji akachukua ndoo, akapanga foleni.