Mabomba Juu ya Mninga

Fundi Deogratias alikuwa na dharau ya kutosha kugawia kata nzima, na bado akabaki nayo ya kulalia. Alimdharau meneja Melkiadi kwa kuingia karakana na viatu vyeupe. Aliwadharau vibarua kwa kuwa ni vibarua. Lakini aliyemdharau kwa moyo wake wote ni Jeniffer, injinia wa miaka ishirini na saba, aliyeletwa kwenye kituo cha umeme cha mgodi, nje kidogo ya Mpanda mjini, akiwa na kompyuta mgongoni na mdomo usionyamaza mbele ya wakubwa.

"Kitoto hiki!" alimwambia Romana, mpika chai wa kantini. "Eti kinifundishe mimi kupuliza chuma. Miaka kumi na tisa nashika spana! Kinachopulizwa ni uji."

Na kweli kazi yenyewe ilikuwa kupuliza. Mtambo wa kituo ulikuwa injini ya ndege iliyostaafu kuruka, ikafungwa chini kwa boliti ifue umeme kwa dizeli. Mapanga yake yanazunguka ndani ya ganda la chuma. Ganda likipata moto linatanuka, linaachana na ncha za mapanga, na joto linapita kwenye pengo hilo bila kufanya kazi huku dizeli inaliwa bure. Dawa yake ni mabomba mawili yaliyopindwa, moja linakumbatia ganda kushoto, jingine kulia. Kila bomba lina matundu mia na ishirini, madogo ya kuingia kijiti cha kiberiti. Hewa inachomoka humo kwa nguvu, inaligonga ganda, ganda linapoa, linasinyaa, pengo linabaki jembamba kama ukucha. Ndivyo Jeniffer alivyoeleza, na vibarua wote wakaelewa. Deogratias ndiye aliyekataa kuelewa, maana kuelewa kungekuwa sawa na kumwamkia.

Msimamizi wa mtambo alikuwa anastaafu. Meneja alishatamka kwamba kiti chake ni cha Jeniffer au cha Deogratias, na ataamua siku mtambo utakapowashwa baada ya matengenezo ya miezi mitatu. Kwa Deogratias hapakuwa na la kuamua. Alishawapigia simu ndugu zake wote Inyonga kwamba cheo ni chake, na suti ya kaunda ilikuwa kwa fundi cherehani inasubiri vifungo tu.

Mabomba yale alikabidhiwa yeye ayatunze. Yalikuja na vizibo vinne vyekundu vya plastiki, vya kufunika midomo yake. Jeniffer akasisitiza visitolewe. Basi ndiyo akavitoa! Akampelekea Romana afunikie chupa za pilipili. Halafu akatunza mabomba kwa akili zake mwenyewe. Chini kuna mchwa na vibarua wanakanyaga ovyo, kwa hiyo akayatundika juu ya mninga ulioko nyuma ya karakana. Yasishike kutu masika yote, akayapaka nta ya nyuki, kama baba yake alivyopaka vifaa vyake. Akajiona bingwa.

Siku ya kuyashusha alituma vibarua wayatungue na kuyafunga, yeye akikaa na chai. Ikaja fomu ya kusaini, imeandikwa: nimepitisha waya katika kila tundu, yote mia mbili na arobaini. Akacheka. Nani huyo wa kuchokonoa matundu kama mtu anayetoa funza? Akasaini, tena kwa mbwembwe, mkia wa saini ukatoka nje ya mstari.

Ijumaa saa nne asubuhi mtambo ukawashwa. Ukanguruma vizuri, mzigo wa umeme ukapandishwa, kisha Jeniffer akafungua hewa ya kupoza. Ganda likasinyaa upande wa kulia. Upande wa kushoto halikutikisika. Lilipopinda hivyo, mapanga yakaanza kuliparuza, na mlio uliotoka hapo ulimfanya meneja azibe masikio. Jeniffer akazima.

"Nilisema!" Deogratias alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Nilisema mimi, nikaonekana mshamba! Haya, pulizeni tena basi!"

Meneja akamgeukia Jeniffer. "Injinia, mambo haya ya hewa ni yako. Unajibu nini?"

Machozi yalimlenga Jeniffer, akayameza. Akasubiri chuma kipoe, na alasiri akafungua bomba la kushoto mwenyewe. Akaingiza waya kwenye tundu, ukagoma. La pili, ukagoma. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kigumu, nusu udongo nusu gundi, kinanukia utamu ulioungua.

Deogratias aliijua harufu ile kabla ya wote. Mtoto wa mrina asali wa Inyonga ataacha kuijua? Angeweza kusema. Mshenzi yule akasema, "Uchafu wa kiwandani huo. Yalikuja hivyo hivyo, na injinia alipaswa kuuona."

Meneja alishaanza kutikisa kichwa kukubali, Romana akaingia na chupa ya chai. Akasimama, akanusa.

"He! Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma! Mmeiunguza ya nini, wakati ni dawa ya kifua?" Akainama, akakwangua kwa ukucha shingo ya bomba, pale joto lisipofika. "Na nta juu. Kaka Deo, mzinga huu nani kautundika? Kwetu ukipaka nta kitu chenye uwazi ukakiweka mtini, si umewakaribisha nyuki kwa mikono miwili?"

Kibarua mmoja akatazama dirishani, kule kwenye mninga, na wengine wakafuata macho yake.

Romana akatazama midomo ya bomba, akaipima kwa kidole gumba. Akaenda kantini, akarudi na vizibo vinne vyekundu, bado vina pilipili, akavipanga mezani mbele ya Deogratias. "Uliniambia takataka za wazungu," alisema. "Kumbe za kazi. Samahani, injinia."

Meneja akaiweka fomu pembeni ya vizibo, kidole kwenye ile saini ya mkia. "Ulipitisha waya, fundi?"

Deogratias alijikalisha kwenye benchi, akachukua kizibo kimoja, akakipangusa pilipili.

Meneja hakuuliza tena. Akampa Jeniffer ufunguo wa msimamizi, wa chumba cha mitambo. Jeniffer hakucheka, wala hakumsimanga. Alimwekea tu waya mapajani, kama anavyompa kibarua yeyote.

"Matundu mia na ishirini ya kushoto ni yako, mzee. Nakagua mapanga yaliyolika, nikirudi nitayapitia matundu hayo moja moja."

Wakatoka wote, wakamwacha na bomba lake. Deogratias akauchukua waya, akaanza na tundu la kwanza. Haukupita.